Herufi ya Pattes d'éph

Lundi, 3 mars 2025
Niko na miaka sabini na nane. Majina ya inchi ilipita, ya avenue ilipita, mimi niko. Kila jina jipya, bibao njo mimi niliandika upya! Bapeintre bengine ba bibao, hapa kwetu Naviundu, bote nimebazika.
Leo Mama Deborah wa restaurant anataka kibao kipya. Gauthier, mwenye mashine ya kuchapa, amekwisha kupita pale na ordinateur yake ya kuchora herufi. Akikamata hii kazi, bantu batasema mimi, Papa Lombe, nilikwisha. Nitabakia muzee wa kulinda kiti. Hapana!

Mardi, 4
Nimevaa patalo yangu ya pattes d'éph, ile ya miguu mipana chini, ya 1974. Nimesimama mbele ya sufuria ya bukari, ugali yetu, nikamweleza Mama Deborah herufi yangu: iko sawa na hii patalo. Angalia kiuno: nyembamba. Angalia chini: inapanuka polepole, yenyewe. Haivai viatu kama ile ya gazeti. Haiendi miguu mitupu kama ile ya mulango wa choo. Iko herufi ya kuandika ku chupa ya parfum, ku kaburi ya muntu mukubwa!
Ameuliza kama nimemaliza, juu nimeziba mulango na bantu ba kukula sombe banangoja inje. Nafikiri amependa.

Mercredi, 5
Gauthier anasema ile herufi iko mu mashine yake, na iko na jina. Mwizi! Niliivaa yeye hajazaliwa.
Lakini kazi iko yangu. Mama Deborah amenipa, na sharti moja: nisiharibu jina, juu ni baba yake njo alimupa.

Jeudi, 6
Matatizo. D, B, O: matumbo tu, miguu hakuna. Nitapanua nini? Nimeenda kumwomba ajiite Myriam. Pale kila herufi iko na miguu! Ameondoa sahani yangu ya tomson. Sikuwa nimefika kwa kichwa ya samaki.

Vendredi, 7
Nimepata! Mwisho wa jina kuna H. Miguu miwili juu, miwili chini, yote mipana! Nani aliificha nyuma kama mutoto wa kambo? Tena haisikiki. Nimesoma kwa sauti: Debora, Debora. Kimya. Herufi yenye haisemi kitu inaweza kukaa popote. Nimeileta mbele.

Samedi, 8
HDEBORA. Kibao kimepanda. Floribert wa quado, fundi wa kuziba mipira, aliacha mupira wa pikipiki akauliza kama ni plaque ya gari. Gauthier alicheka mpaka akakaa juu ya bidon.
Mama Deborah aliangalia sana. Kisha: «Papa Lombe, huyu si mimi. Rudisha H pale baba aliiacha. Lundi nikiikosa nyuma, Gauthier anaingia.»
Roho ilishuka mpaka mu patalo.

Dimanche, 9
Nimepanda ngazi bantu bakiwa misa. H nimeirudisha nyuma, nzuri kabisa. Ya mbele nimeiacha. Hakusema niitoe!
HDEBORAH. Sasa jina liko na walinzi wawili.
Mama Deborah ametoka misa, amesoma, ameshika mulango akacheka mpaka machozi. Amesema ya nyuma iko ya baba yake, ya mbele iko ya kichwa yangu ngumu. Ameleta tomson mbili.
Inabakia ile O. Kesho naitia miguu, asubui, mbele Mama Deborah hajaamka.
Kama hauamini, uliza Floribert, njo alishika ngazi. Gauthier usimuulize. Yuko na wivu.