Mke Wangu Amehamia Kwenye Ramani

Kwa Mheshimiwa Ofisa wa Vibali vya Ujenzi,

Pokea salamu zangu hapo ulipo, nyuma ya hilo rundo la mafaili ambalo naamini langu liko juu yake kabisa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTU KUISHI KATIKA NYUMBA AMBAYO HAIJAJENGWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye kile kiwanja cha nyuma ya karakana ya magari, ambacho kwa sasa kina majani, vigingi, kamba na mke wangu. Mtaani wananiita Mwenyekiti, kwa kuwa nimewahi kuongoza kamati ya maji, kamati ya taa za barabarani, na kamati ya kuchunguza kwa nini kamati hizo mbili hazikufanya kazi.

Ofisini kwako zimefika ramani mbili za kiwanja hicho kimoja. Usishangae. Ya kwanza ni yangu: ina sebule pana, nguzo nne na nafasi ya seti mbili za makochi. Ya pili ni ya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, na ameipunguza sebule yangu kama mtu anayepunguza suruali ya baba ili imtoshe mtoto. Naandika kukuomba uikatae hiyo ya pili. Ila ili unielewe, sina budi kuanzia pale mambo yalipoharibika.

Mke wangu alisema hawezi kusoma ramani. Mistari ile haimwambii kitu, alisema, afadhali fundi mwashi aichore nyumba yote chini kwa vigingi na kamba, kwa vipimo vyake vya kweli, aione kwa macho kabla ya kuchimba msingi. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilijua kamba haina mdomo. Sikujua kwamba mwenzangu anahamia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kupita ukutani. Kamba zilipokwisha kufungwa nilitaka kumwambia fundi mwashi neno, nikainua mguu, nikavuka kamba, nikamfuata. Mke wangu akaniuliza, mbele ya fundi, kwa nini napita ukutani. Fundi alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi. Tangu hapo natakiwa nizunguke hadi upande wa barabara, nitafute uwazi kati ya vigingi viwili, niingie kwa mlango, tena nivue viatu kwa sababu amekwisha kufagia. Amefagia majani, Mheshimiwa. Kiwanja kina hati, kina mipaka, na mimi mwenyewe nina mvi kichwani, lakini sina ruhusa ya kukatisha.

2. Kuhusu jikoni. Alibeba vyombo kutoka nyumba tuliyopanga: jiko la gesi, ndoo mbili, kigoda na sinia. Akavipanga ndani ya kamba za jikoni, akaanza kupika chakula ambacho hakipo. Akigeuka na sinia, anagota ukuta. Akiinama kwenye jiko, sehemu yake ya nyuma inatokea koridoni. Nilimwambia kwa upole kuwa jikoni ni mahali pa kupika, si uwanja wa gwaride. Badala ya kunisikiliza alimpigia simu mchoraji ramani, ambaye ni mtu wa kitambi, akamwomba aje asimame naye humo. Walipotaka kupishana, ilibidi mmoja atoke nje kwanza. Mchoraji akajifuta jasho, akasema mama ana hoja. Mtu niliyemtafuta mimi, nikamkaribisha mimi, nikamnunulia soda mimi! Siku hizi simu zangu hapokei. Za mke wangu anapokea kabla hazijaita vizuri. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

3. Kuhusu bafu. Binti yangu yuko sekondari, na nilitegemea elimu ile imweke upande wangu. Alichukua kiti cha plastiki, akakaa pale itakapokuwa meza ya chakula, akatazama mbele, kisha akatangaza kuwa kila atakayefungua mlango wa bafu atamkuta yeye na kijiko mdomoni. Nilimjibu kwamba mtu mwenye adabu hutazama sahani yake. Basi yeye na mama yake wakaanza mchezo wa kusalimiana, mmoja akitoka bafuni huku akijifunga nguo, mwingine akila, wanaulizana habari za huko, mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Niliwakumbusha kuwa bafu hilo ni moja tu kwa familia nzima na linastahili heshima. Wakanijibu kuwa ndiyo maana.

4. Kuhusu wageni. Hapa naomba uvae miwani, maana hapa ndipo penye kiini. Sebule yangu ni ya wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa atakuja akae wapi, kwenye sinki? Mke wangu aliniomba niwataje wageni wenyewe. Nikawataja, nikianza na aliyekuwa mkurugenzi wangu kazini. Akauliza kama mkurugenzi anapajua kwetu. Nikamtaja diwani. Akauliza diwani alikuja lini mara ya mwisho, na kama hakuwa amepotea njia. Hayo si maswali ya kumwuliza mume, hayo ni ya mahakamani.

Nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Mwaka ule nilipotoka hospitali, wenzangu wa kamati walikuja kunijulia hali, watu wazima, wamevaa suti. Chumba chetu cha kupanga kikajaa kabla hata nusu yao haijaingia. Nikawakalisha nje, juu ya ndoo zilizopinduliwa, na katibu akasimama muda wote akisema yeye amezoea kusimama. Niliona aibu, Mheshimiwa. Bado naiona. Niliapa palepale kuwa nikijenga, hakuna mtu atakayekalia ndoo kwangu. Mke wangu nilipomkumbusha siku hiyo alisema watu wale walikuja kwa sababu wananipenda, na hakusikia hata mmoja akiulizia nguzo. Ukweli wa jambo hilo sikatai. Nakataa tu usisemwe mbele ya fundi mwashi.

5. Kuhusu kufungiwa nje. Tulipokosana kwa hilo la wageni, mke wangu aliondoka sebuleni, akaingia chumba cha kulala, akafunga mlango. Najua utauliza mlango upi. Hata mimi nilijiuliza. Aligeuka, akasukuma hewa kwa mkono, akakaa chini kwenye majani na kunipa mgongo. Nami nikajikuta nimesimama nje ya kamba ile, iliyonifika chini ya goti, nikibisha hodi. Nilibisha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama inavyotakiwa kiungwana, na sikukaribishwa. Mafundi wa karakana waliacha gari la watu limeinuliwa juu ya jeki, wakaja kutusuluhisha. Wakapita ukutani! Mke wangu akawageukia kwa ukali mpaka wakarudi wakazunguka, wakapanga mstari mlangoni, mmoja akiomba radhi kwa ajili ya mafuta yaliyo kwenye buti zake. Wote, waliyempa haki ni yeye. Nilibaki koridoni peke yangu, kwenye jua, nikisubiri kufunguliwa.

6. Kuhusu mama yangu mzazi. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama anahamia kwetu nyumba ikiisha, kwa kuwa magoti yamemchoka na hawezi tena kuishi peke yake. Katika ramani yangu nimempa chumba kizuri cha pembeni kabisa, kimya, mbali na kelele za wageni. Ila kutoka humo kwenda bafuni ni lazima akatishe sebule yote. Mke wangu alitembea njia hiyo akichechemea kama mama, akarudi akichechemea, akauliza kama ndivyo ninavyotaka mzazi wangu apite mbele za watu na kopo lake mkononi. Kisha akatoa futi yake ya kushonea, ile ya shingoni, akapima, akatia alama kwenye kamba kwa chaki yake ya kukatia nguo, na zaidi ya nusu ya sebule ikawa chumba cha mama, kando ya jikoni, chenye bafu lake mwenyewe na dirisha la kutazamia watu wanaoingia getini. Mchoraji ramani akaichora hivyohivyo, na nguzo zote nne zimeondoka. Mke wangu alisema zilikuwa zinaipwayisha nyumba.

Kwanza, mama mkwe na mkaza mwana kupatana kiasi hiki si jambo la kawaida, na naomba ofisi yako ilichunguze. Pili, nani amjuaye mama kuliko mimi niliyetoka tumboni mwake? Mama yangu ni mvumilivu. Alitulea kwa shida bila kulalamika, na mtu aliyevumilia yote hayo hashindwi na sebule. Tatu, mimi si mtu wa kukataa tu, nimetoa mapendekezo. Nimependekeza mama aende bafuni kabla wageni hawajafika na baada ya wao kuondoka. Nimependekeza pazia la kuvuta. Nimependekeza apewe kengele ndogo, aigonge akiwa chumbani, nami niwaombe wageni watazame nguzo mpaka apite, na hiyo ndiyo faida moja ya nguzo ambayo mke wangu hakuifikiria. Pendekezo la mwisho lilikuwa mama awe anaheshimika kwa kupita: wageni wasimame, wamwamkie, wamsindikize hadi mlangoni. Mke wangu akaninyang'anya kalamu. Hii ninayoandikia nimeazima kwa binti.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu ofisi yako itoe maagizo yafuatayo na kuyabandika kwenye mti ulio karibu na kiwanja:

(a) kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote kupika, kufagia, kuoga au kununa ndani ya nyumba isiyo na paa;

(b) kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kuvuka kamba popote, akiwa na viatu;

(c) kwamba futi ya kushonea si kipimo kinachotambuliwa katika ujenzi, na chaki ya nguo vilevile;

(d) kwamba mtu anayeishi katika ramani ahesabiwe kuwa mpangaji na apewe notisi;

(e) na kwamba sebule yangu isipunguzwe hata unyayo, na ramani ya pili ikataliwe kwa muhuri mkubwa, ule mwekundu, wino wake uwe mzito.

Haya yote siyasemi kwa ubaya. Nampenda mke wangu na ninamwogopa kwa kiasi kinachofaa. Lakini maji yamezidi unga, na kama serikali haitaingilia kati, naona siku atakayonipangia zamu ya kudeki.

Nisalimie wote wa hapo ofisini: dada wa mapokezi anayejua kusema bosi ametoka hata ukiwa unakohoa ndani, mzee wa lango aliyenihifadhia mwavuli, na yule bwana wa mafaili ambaye kila nikija huniuliza mimi ni nani, nami kila nikija hufurahi kumweleza upya. Wasalimie na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na kama mna sebule kubwa, wasalimie wageni wako pia.

Ni mimi mwenye kiwanja, mwenye sebule, na kwa sasa mkazi wa nje ya kamba,

Mwenyekiti

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha hii, mama alifika kuiona nyumba. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake, wala hakujua, kwa hiyo hakuna wa kusema alimfundisha. Nilimwonyesha mimi mwenyewe chumba chake cha pembeni. Akakisifu, akaniombea dua. Kisha akauliza bafu liko wapi, nikamnyooshea mkono kule ng'ambo, naye akataka akaijue njia. Alipofika katikati ya sebule, mahali ambapo hapana kitu ila majani, mama yangu alishika upindo wa nguo yake, akainamisha mgongo, akapunguza sauti na kusema, “Samahanini wanangu, napita tu.” Alipita hivyo ameinama mpaka mwisho. Wakati wa kurudi aliwaomba radhi tena. Hapakuwa na mtu, Mheshimiwa, nilikuwa mimi tu. Akaniambia nyumba ni nzuri sana, na nisiwe na wasiwasi, atakuwa hanywi maji jioni ili asiwasumbue wageni wangu. Ramani ya pili ndiyo yetu. Hiyo ya kwanza ichaneni hukohuko, msinirudishie.