Mgeni Wangu Anavunja Ndoa za Uyoga

Mtaa wa Kisima cha Juu,
Milima ya Wamazateki, Oaxaca.
Julai, mvua ikinyesha.

Kwa Mheshimiwa Don Abundio Pineda,
Rais wa Manispaa.

Ndugu Rais, na baba wa ubatizo wa binti yangu Hortensia,

YAH: MHOLANZI KUTENGANISHA WANANDOA WASIO NA HATIA

Natumaini mvua haijaingia ofisini kwako kama ilivyoingia jikoni kwangu. Mimi ni mzima, ila nina uchungu, na uchungu wenyewe siku hizi unalala kwenye ghala la kahawa. Nitafika huko. Naomba uyasome malalamiko yangu kwa mpangilio, bila kuruka, maana nakujua.

1. Mgeni wangu Wouter, kijana mrefu anayefanyia kazi yake kwenye kompyuta, amepanga kwangu tangu mvua zianze. Alipofika aliniketisha mezani, akaniambia, "Mama Eufrosina, nikupe utangulizi wa uyoga." Mimi, ambaye bibi yangu aliwaita watoto watakatifu, yaani uyoga wetu wa maono, kabla babu yake yeye hajaujua uyoga hata wa supu. Nilimmiminia kahawa kwa adabu. Akasema siri ni kula chembe tu, asubuhi, leo unakula, kesho na keshokutwa unapumzika, na kazi inaendelea. Nikamuuliza, "Halafu unaona nini?" Akasema, "Huoni kitu, mama. Hapo ndipo unajua umepatia." Nikamwambia, "Baba, kama hutaki kuona kitu, si ubaki na uji wako tu?" Akayaandika maneno yangu kwenye simu, akasema yana hekima.

2. Anawakausha, kisha anawasaga kwenye kinu changu cha kahawa, na kinu hakuniomba. Jumapili Padre alikunywa kahawa kwangu kabla ya misa. Mahubiri yakawa mafupi, akamshukuru Mungu kwa kila muumini kwa jina lake, mbwa wa mlangoni akiwemo. Watu wameniletea mayai ya shukrani. Nimeyapokea, lakini jambo lenyewe si halali.

3. Hili ndilo kubwa. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua kwamba watoto watakatifu huliwa wawili wawili, mume na mke. Tunawaita watoto lakini wameoana. Usinisumbue kwa hilo. Wouter anawasaga wote pamoja, anaupima unga kwenye mizani kama dhahabu, anaujaza kwenye kapsuli. Mume yuko kapsuli hii, mke yuko ile, na kipande cha mke huyohuyo kimelala na mume wa mwenzake. Nilipomwambia anavunja ndoa za watu alijibu, "Mama, uzito ni uleule." Ndivyo wasemavyo wanaume ambao hawajaoa.

4. Talaka inaambukiza. Jogoo wangu hawatazami tena kuku wake. Mwalimu Nicéforo na mkewe wanapikia majiko mawili. Na mume wangu Fidencio, Mheshimiwa, amebeba blanketi na redio yake, akahamia ghalani. Tulikuwa tukilala ubavu kwa ubavu hata mwaka ule alipouza nyumbu wangu. Sasa ananiamkia kama anavyomwamkia mkaguzi wa kodi. Inaniuma sana. Nimewasha mishumaa, nimefukiza ubani, nimewauliza watoto watakatifu kosa langu ni lipi, tena kwa jozi halali. Wamenuna. Nimerusha punje za mahindi nikayauliza mahindi, nayo kimya. Mlima mzima huja kwangu kuulizia ng'ombe aliyepotea na mke aliyetoroka, na mimi mwenyewe sijui mume wangu amenihama kwa nini.

5. Kwa hiyo naomba kapsuli zikamatwe. Mwandikishaji wa ndoa aje na muhuri wake, zifunguliwe mbele yake, kila mume arudishiwe mkewe. Akishindwa kuwatambua, awafungishe upya wote kwa pamoja, gharama kwa Wouter. Nawe utoe amri kwamba mgeni akiwaita watoto watakatifu awaite kwa jozi, awasikilize mpaka mwisho. Asiwabishie hodi asubuhi kisha akakimbilia kompyuta. Wewe ungemwitaje mtu wa hivyo mlangoni kwako?

Nisalimie mkeo Doña Crescencia, mama yako na goti lake, Hortensia ukimwona mjini, na karani wako, yule asiyejibu barua.

Ni mimi, ninayewasubiri polisi kwa kahawa ya kinu kilichooshwa,
Eufrosina Cerqueda.

N.B. Nilimpelekea Fidencio barua hii ghalani, kwa kuwa ndiye anayeshuka sokoni. Ameisoma yote bila kucheka. Anasema uyoga haujamfanya lolote. Amehama kwa sababu chumba nilichompangisha Wouter ni chumba chetu, kitanda ni kile alichokichonga mwenyewe tulipooana, na mimi nilipotandika mkeka wangu jikoni karibu na moto, sikumwambia yeye atalala wapi. Basi polisi usiwalete. Futa yote isipokuwa ya kinu. Wouter anahamia ghalani leo hii. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu salamu ni za kweli. Nilimuuliza Fidencio, "Sasa mbona hukusema, mzee?" Akanijibu, "Hukuniuliza. Umeuliza uyoga, umeuliza mahindi. Nimekaa hapa nangoja zamu yangu."