Kuku Kumi na Mmoja wa Shomari

Shomari aliposhuka treni Tabora, mali yake ilikuwa koti na ulimi. Koti lenyewe la kuazima.

Nje ya stesheni akakuta vijana kumi na mmoja wakinong'ona namba. Reli ilitaka karani mmoja, na mtihani ulikuwa kesho: kuzidisha kwa kichwa, bila kalamu. Shomari naye aliitaka kazi ile, tena alishadokezwa kwamba mtahini anapenda kumi na moja kuliko chai.

"Arobaini na tatu mara kumi na moja?" akajiuliza kwa sauti. "Mia nne sabini na tatu! Anayetaka siri alete kuku."

"Mzaramo huyu atatuuzia upepo," alisema mmoja wao, Nikolaus, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo.

"Mnyamwezi, mtani wangu! Babu yako alibeba pembe mpaka pwani, wewe kuku tu anakushinda?"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Nikolaus akacheka, akaleta kuku kama wenzake.

"Nne na tatu ni saba," Shomari akafundisha. "Saba iweke katikati. Basi!"

Kwamba jumla ikizidi tisa, moja husogea kushoto, hilo alilimeza.

Usiku huo Nikolaus akajaribu sabini na nane mara kumi na moja. Akapata elfu saba mia moja hamsini na nane. Tumbaku ingezaa hivyo, Urambo nzima ingevaa viatu! Akakokotoa mpaka akaikamata ile moja iliyofichwa. Je, aliwaambia wenzake? Tusimsingizie utakatifu. Naye aliitaka kazi.

Kwenye mtihani wale kumi walizama mapema. Shomari na Nikolaus wakaenda sambamba, hadi mtahini alipouliza sabini na nane mara kumi na mbili. Shomari akatazama dari. Nikolaus akachukua jibu la kumi na moja, akaongeza sabini na nane, akapata kazi.

Jumatatu Shomari alifika na matenga yake kusafirisha kuku. Karani mpya alikuwa dirishani, na wale kumi wamekuja kumpongeza.

"Kuku kumi na mmoja, nauli ya kila mmoja senti sabini na nane," alisema Nikolaus. "Saba, nane, katikati kumi na tano. Shilingi sabini na moja na senti hamsini na nane."

"Wizi!" Shomari akapaza sauti. "Ni shilingi nane na senti hamsini na nane! Ikizidi tisa, moja inasogea kushoto!"



"Kumbe ulijua, mtani," alisema Nikolaus kwa upole.

Shomari akageuka nyuma. Wale kumi walishaanza kufungua matenga.