Mashine Isiyotumia Umeme ya Kituo cha Lukomango

Waliohudhuria:

Bwana Wendelin, Msimamizi wa Kituo cha Afya Lukomango, Mwenyekiti.
Sista Avelina, Muuguzi Mkuu, Mjumbe.
Bwana Tadei, mwenye duka la vifaa pale Kitai, Mjumbe Mwalikwa na mtaalamu wa mashine.
Florian, fundi wa mashine za kumenyea kahawa, kutoka Mapera.
Mimi, Mwalimu Nicholaus wa shule ya msingi, Katibu, kwa sababu ya mwandiko.
Bonifasia, dobi wa kituo, aliyeingia kuleta chai na hakuambiwa atoke.

Hakuhudhuria: Umeme. Hakutoa udhuru.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kutangaza kwamba zama mpya zimefika katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Soko lilikuwa limefunguliwa. Vitu ambavyo zamani mtu aliviona kwenye kalenda tu, sasa vilikuwa vinashushwa kwenye malori pale Kitai, vikiwa bado ndani ya maboksi yao. Kwa hiyo Kituo cha Lukomango kingenunua mashine ya kufulia mashuka ya wagonjwa. Mashine hiyo ingekuwa ya bei ya kati na yenye matumizi madogo ya umeme.

Sista Avelina aliuliza ni umeme upi.

Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba jenereta ya kituo ilikuwa na kila kitu isipokuwa dizeli, na kwamba nguzo za umeme zilikuwa zimekwisha kuchorwa kwenye ramani. "Sista, mtu anayenunua viatu kabla mtoto hajazaliwa humwiti mjinga. Unamwita mtu mwenye mipango."

Hoja ilikubaliwa. Niliiandika, pamoja na pendekezo la Mwenyekiti kwamba, wakati mashine inasubiriwa, ndugu za wagonjwa wafue bure.

Ajenda ya pili ilikuwa upunguzaji wa watumishi. Serikali ilikuwa imeagiza kila kituo kipunguze, nasi tulikuwa na dobi mmoja. Mwenyekiti alikuwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa, yenye jina la Bonifasia na nafasi ya tarehe. Ingejazwa siku mashine itakapoanza kazi. Bonifasia alikuwa akimwekea sukari wakati barua hiyo inasomwa. Alikuwa amefua katika kituo hiki miaka mingi kuliko umri wa jenereta, na alibakiza miaka mitatu kufikia kiinua mgongo chake.

"Mitatu tu, baba?" aliuliza. "Hamwezi kunipunguza nikishamaliza?"

"Mama, ukishamaliza hatutakuwa na mtu wa kupunguza," alijibu Mwenyekiti, na kwa hesabu alikuwa sahihi.

Tukaingia katika bei. Hapa ni lazima nieleze jambo, maana wasomaji wengine hawakupata bahati ya kukaa kwenye kamati. Mwanzoni tulikuwa na karatasi za bei za mashine tatu, ambazo zingeshindanishwa kwa jaribio kabla ya kununua. Mbili zilitoka Songea. Ya tatu ilitoka dukani kwa Bwana Tadei, ambaye amemwoa dada yake Mwenyekiti, nayo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Masharti ya ununuzi yalidai bei ya kati. Mtu dhaifu angekata tamaa. Mwenyekiti, kabla ya kikao, alikuwa ametuma barua Dar es Salaam kuomba bei za mashine mbili ghali zaidi, ambazo hatukuzihitaji, na zilipofika, ya Kitai ikajikuta katikati kabisa, mbili chini yake na mbili juu yake. Nilijifunza siku ile kwamba kitu cha bei ya kati ni kitu ghali kilichotafutiwa majirani wanaofaa.

Bwana Tadei alisimama akasoma kitabu cha maelekezo. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha nne, hakuna hata moja aliyoijua, lakini alisoma michoro kwa sauti ya kujiamini. Nami, kwa msaada wa Kiingereza cha chuoni, niliyaweka maelekezo hayo katika Kiswahili fasaha chini ya kichwa: Masharti ya Matunzo ya Mshindi. Yalikuwa haya. Mshindi atakaa katika chumba kikavu chenye sakafu ya saruji na dirisha. Hatabebeshwa zaidi ya kilo tano kwa mkupuo. Atapumzishwa nusu saa baada ya kila mkupuo. Hatapigwa, hatasukumwa wala kupandwa juu. Atakaguliwa afya yake na mtaalamu kila baada ya miezi mitatu, bila malipo. Na hataondolewa kazini kwa sababu yoyote kabla ya miaka mitatu.

Sharti hilo la mwisho lilisisitizwa na Bwana Tadei mwenyewe. Alikuwa na uzoefu wa watu wanaorudisha bidhaa.

"Chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha ni kimoja tu," alisema Sista Avelina. "Ni ofisi ya Mwenyekiti."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kama mtu anayejitoa sadaka. Alisema yuko tayari kuiacha ofisi yake kwa ajili ya maendeleo, na kwamba kwa muda angeweza kutumia banda la kufulia kule mwambaoni, litakalokuwa tupu. Hakutaja kwamba mchoro wa ofisi mpya yenye baraza linalotazama ziwa ulikuwa tayari kwenye mkoba wake. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa sote tulikwisha kuuona.

Mimi niliomba neno moja. Niliomba masharti yasitaje mashine ya Kitai kwa jina kabla ya jaribio, bali yaseme "mshindi, yeyote awaye", ili haki ionekane. Mwenyekiti alinikonyeza, akatia saini. Nakala ilipelekwa wilayani Mbinga na ikarudi na mhuri, jambo linaloonyesha kwamba ilisomwa, au kwamba haikusomwa.

Jaribio lilifanyika Alhamisi ya wiki iliyofuata, mbele ya wagonjwa walioweza kutembea na ndugu zao wote. Mashine nne hazikufika, kwa sababu zilikuwa karatasi. Ya Kitai ilifika kwenye lori, nyeupe, na dirisha lake la mviringo mbele. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume aliisalimia.

Nilisoma mgawanyo wa alama: matumizi ya nguvu, hamsini; bei, ishirini; usafi, ishirini; tabia, kumi.

"Na umeme?" aliuliza Sista Avelina.

Ilionekana Mwenyekiti alikuwa amelitarajia swali hilo. "Kwangu Mapera," alisema, "mashine ya kumenyea kahawa haijawahi kuuliza habari za umeme hata siku moja. Ina mkono. Unazungusha, kahawa inatoka. Florian!"

Florian akaja na mkono wa mashine ya kahawa, mkanda na spana. Akafungua mgongo wa mashine ya Kitai, akatoa vitu fulani ambavyo Bwana Tadei alivitazama kwa uchungu, akafunga mkono. Baada ya saa moja tulikuwa na mashine ya kufulia ya kwanza katika mwambao huu isiyotumia umeme hata chembe. Mwenyekiti alipendekeza ipewe alama zote hamsini palepale.

Nilisikitika kumpinga. Chuoni tulifundishwa kwamba nguvu haipotei. Ikiwa haitoki kwenye waya, inatoka kwa mtu. Kwa hiyo ilikuwa lazima ipimwe. Hatukuwa na kifaa cha kupimia, lakini tulikuwa na jiko la kituo. Nilipendekeza kila anayefanya kazi apewe uji kila atakaposema nguvu zimemwishia, na Sista Avelina ahesabu vikombe. Kipimo kikapitishwa bila kupingwa. Florian alikipigia makofi.

"Kitu kimoja bado," nikasema. "Jaribio lisilo na kilinganishi ni porojo. Tunahitaji pembeni ufuaji wa kawaida, wa mashuka yaleyale, ili tuone tofauti."

Macho yote yalimwendea Bonifasia, aliyekuwa amesimama na beseni kichwani akisubiri tumalize ili aendelee na kazi.

"Mwandike!" alicheka Mwenyekiti. "Tena vizuri sana. Atakuwa wa mwisho, na barua yake itakuwa na ushahidi wa kisayansi."

"Mwalimu," aliuliza Bonifasia, "hayo masharti ya matunzo ni ya mshindi yeyote?"

"Yeyote awaye."

"Hata kama ni mimi?"

Bwana Tadei alishika tumbo kwa kucheka. "Mama, wewe una waya?"

"Sina waya, baba. Wala mashine yako haina tena. Kaangalie mgongoni."

Ndugu za wagonjwa walishangilia, na nikawataka wawe na nidhamu.

Kila upande ulipewa mashuka sita ya wodi ya wazazi, ambayo sitayaeleza. Mashine ilihitaji bomba. Kwa kuwa bomba la kituo lilikuwa likisubiri pampu, na pampu ikisubiri umeme, ndugu watatu walichota ndoo ziwani. Florian akaanza kuzungusha. Mashine ilinguruma, ikatikisika, kisha ikaanza kutembea. Ilitoka uani polepole kuelekea kliniki ya watoto, Florian akiifuata bila kuachia mkono, kama mtu anayebembeleza punda.

"Izuieni!" aliamuru Mwenyekiti.

"Sharti la nne," nilimkumbusha. "Mshindi asisukumwe. Bado hatujajua kama si yeye."

Kikombe cha kwanza cha uji kilitolewa kabla ya shuka la kwanza kugeuka. Kufikia kikombe cha tano Florian alikuwa amevua shati. Kwenye cha saba aliomba na usipa, dagaa wa ziwani. Sista Avelina alikataa, kwani usipa haukuwa kwenye kipimo.

Kule mwambaoni, Bonifasia alikuwa ameloweka, amepaka sabuni ya mche, na anafikicha juu ya jiwe lake. Jiwe hilo lilikuwa limelainika kwa miaka hata mtu angeweza kujiona ndani yake. Alikuwa akiongea muda wote na wanawake waliokaa karibu, habari za ndoa fulani ya Liuli, na mara mbili alisimama ili amalize sentensi. Akasuuza, akakamua akisaidiwa na mmoja wao, akatandaza juani. Akanywa kikombe kimoja cha uji. Akanywa cha pili. Cha tatu alikionja, akampelekea Florian aliyekuwa amelala chali kando ya mashine.

"Kunywa, mwanangu. Kahawa na damu ya uzazi si kazi moja."

Tukakagua. Mashuka ya mashine yalitoka yamejisokota kamba moja ndefu, yana grisi ya mkanda, na yote sita yana rangi moja ambayo awali ilikuwa ya shuka moja tu. Mashuka ya Bonifasia yalimfanya Mwenyekiti akunje uso kwa mwanga.

Nilijumlisha alama mara tatu, kama nifanyavyo mtihani unapotoa matokeo yasiyotarajiwa. Matumizi ya nguvu: mashine ilitumia vikombe tisa, Bonifasia viwili na tone. Usafi hauhitaji maelezo. Tabia: mashine ilitoroka. Ilibaki bei, na hapa Mwenyekiti alifufuka.

"Bei!" alisema. "Sharti ni bei ya kati. Huyu ni rahisi mno. Si wa kati. Ameanguka!"

Nilifungua kumbukumbu. Katika kikao cha kwanza, Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amependekeza kwamba, wakati mashine inasubiriwa, ndugu za wagonjwa wafue bure, na pendekezo hilo lilikuwa limeandikwa kama njia kamili ya ufuaji. Kwa hiyo chini kulikuwa na bure, juu kulikuwa na Kitai, na mshahara wa Bonifasia ulikaa katikati kwa utulivu mkubwa.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya chini, "huyu ni mtu. Shindano ni la mashine."

"Masharti yanasema yeyote awaye, Mwenyekiti. Saini ni yako?"

Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kasoro katika herufi.

"Ni yangu."

"Na mhuri ni wa wilaya?"

"Tadei!" aliita. Lakini Bwana Tadei alikuwa barabarani akisaidiana na dereva kuipakia mashine yake, ambayo ilikuwa imeshindwa na hivyo ilisukumwa bila kuvunja sharti lolote.

Tukapiga kura. Mwalikwa na fundi hawakuwa na kura. Mwenyekiti alipinga. Sista Avelina aliunga mkono, na mimi, ambaye sipendi ubishi, niliunga mkono utaratibu.

Bonifasia alikuwa bado amesimama na beseni. "Kwa hiyo nimefukuzwa au sijafukuzwa?" aliuliza. "Semeni, jua la kuanikia linakwisha."

Nilipanda kwenye ngazi ya wodi ya wanaume, nikawasomea watumishi, wagonjwa na ndugu zao waliokuwapo uamuzi wa Kamati, kama ifuatavyo:

Kwamba Bonifasia ameshinda, na ameingizwa kazini upya kama mtambo wa kufulia wa kituo. Kwamba kwa kuwa mtambo hauandikiwi barua ya kupunguzwa, barua iliyopo ihifadhiwe kwenye jalada la mashine. Kwamba hataondolewa kwa miaka mitatu, ambayo ndiyo aliyobakiza. Kwamba asibebeshwe zaidi ya kilo tano, asipigwe wala kusukumwa, apumzike kila baada ya mkupuo, na apimwe afya kila miezi mitatu na Sista Avelina. Kwamba kuanzia kesho asubuhi atakaa katika chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha, na funguo zake zikabidhiwe leo kabla ya chai.

Na kwamba wote wenye shida za kiutawala wataonana na Bwana Mwenyekiti katika banda la zamani la kufulia, kule mwambaoni. Wanaombwa waje wamevaa kandambili, kwa sababu kuna maji.