Meza ya Mbele Ni Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Kabla hatujafungua duka, Bosi ametangaza kwamba Jumamosi atamchagua mtu wa kusimamia meza ya mbele. Meza ya mbele! Ile ya dirishani, ambapo kila apitaye barabarani anakuona umezungukwa na vitabu vipya, mtu wa maana. Kiti chake kina mto. Mimi niko nyuma, kwenye vitabu vya wasifu na filamu, ukuta mmoja na choo.

Tuko wawili tu wa kuchaguliwa. Mimi na yule ninayemwita Miwani. Miwani amekuja juzijuzi, anauza vitabu vya kiroho na riwaya, na tayari wateja wakiingia wanamwulizia yeye. Sababu ni vile vikadi vyake. Kitabu anachokipenda anakiandikia kikadi kwa mkono, anakibandika chini yake kwenye rafu. "Usikisome kwenye basi, utapitishwa kituo." Watu wanasoma, wanacheka, wananunua. Mwandiko wenyewe mzuri. Nimeukagua kwa karibu nikitafuta kasoro. Hakuna! Roho imeniuma mpaka chai imenishinda.

Mchana Mama akapiga simu kuuliza habari za kazi. Nikamwambia meza ya mbele nimeshapewa. Sijui kwa nini. Mdomo ulinitangulia. Akapiga vigelegele, akasema Jumamosi atakuja kuniona, yeye na mama wadogo wote. Wote!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kama ni vikadi tu, hata mimi mkono ninao. Nimeandika vyangu. Tatizo dogo: vitabu vyenyewe sijavisoma. Nikafungua kurasa za mwisho, maana huko ndiko mambo yanakomalizikia. Wasifu wa mwanamuziki: "Alizaliwa, akahangaika, akatajirika, akafa. Nunua." Wasifu wa mwigizaji: "Mume wa tatu ndiye aliyemwibia!" Nikavuka mpaka kwenye rafu ya Miwani, nikamsaidia na riwaya ya upelelezi: "Muuaji ni daktari wa meno."

Nesi mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, akavisoma vyote bila haraka. Kisha akanishika mkono akanishukuru. Akasema nimemwokolea pesa, kwa sababu sasa hana haja ya kununua hata kimoja. Bosi alikuwa nyuma yake. Akavibandua vikadi vyangu kimoja kimoja, na mimi nikajifanya napanga vitabu vya filamu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Miwani kanifuata. Eti, kaka, ukipenda tukae tuandike pamoja, vikadi vinahitaji mazoea tu. Mazoea! Dharau ya wazi, tena kwa sauti ya upole ili nisipate pa kumshika. Akaniletea na riwaya anayodhani nitaipenda. Nimeiweka chini ya mguu wa kabati unaocheza. Imekaa vizuri, siwezi kulalamika.

Alipokwenda posta kuchukua mizigo, akili ikanijia. Kikadi chake cha kitabu cha utulivu wa moyo, "Kilinifundisha kukaa kimya na kuisikia nafsi yangu," nikakihamishia chini ya kitabu cha namna ya kuweka taa za kupigia filamu. Kile cha basi nikakipeleka kwenye wasifu wa fundi aliyetengeneza viti vya majumba ya sinema. Kitabu kinene, hakijawahi kuguswa na mtu zaidi ya mende. Watu watanunua, watachukia, watarudi na hasira zao. Na mwandiko ni wa nani? Wa Miwani! Nimecheka peke yangu chooni mpaka Bosi akagonga mlango kuuliza kama niko mzima.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo yanakwenda. Miwani yuko stoo kutwa nzima akifungua maboksi, hajaona kitu. Fundi magari ameingia, mtu mzito, mikono ina grisi. Akasema nyumbani hapakaliki, yeye na mkewe ni kununiana tu, anatafuta kitu cha kumtuliza. Akasoma kikadi. Akachukua kitabu cha taa! Nesi naye akachukua viti vya sinema. Nikawafungia kwa mikono yangu, nikawatakia usomaji mwema. Sijawahi kuwa mchangamfu hivyo kwa wateja.

Mama kapiga simu. Mama mdogo wa mwisho ameshona gauni kwa ajili ya Jumamosi. Nikasema vizuri sana, huku jasho linanitoka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wamerudi. Wote wawili. Nikasogea karibu nisikose hata tusi moja.

Fundi kasema kitabu kinaelekeza uzime taa zote, uwashe moja, ukae kimya hadi uuone vizuri uso ulio mbele yako. Akafanya hivyo sebuleni. Mkewe akadhani umeme umekatika, akaja, akakaa mbele yake. Wakaangaliana. Wakaongea mpaka chakula kikapoa. Anataka nakala nyingine ampelekee kaka yake. Nesi yeye kapitishwa kituo, tena akiwa anakwenda kliniki. Anasema alipofika mahali yule fundi wa viti anapokaa peke yake kwenye ukumbi mtupu, alilia, abiria wenzake wakampa leso.

Leso! Kwa viti!

Bosi kafurahi, kasema Miwani anaweza kumuuzia mwenye kipara chanuo. Miwani akasema ukweli: si yeye aliyeviweka vikadi pale, hata yeye anashangaa. Bosi akatugeukia sote akasema, mnaona, na unyenyekevu anao. Nimeona wivu, nauandika hivyohivyo. Kazi ni yangu, sifa ni zake, na mwizi mwenyewe hata hajui kama ameiba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama ameingia na mama wadogo, wamependeza, wakaenda moja kwa moja dirishani kunitafuta. Wakanikuta nyuma nikipangusa vumbi. Mama akauliza kwa nini bosi wa meza ya mbele yuko karibu na choo. Nikasema nakagua. Hapohapo Bosi akagonga kengele ya kaunta, akatangaza mbele ya wateja wote: meza ya mbele ni ya Miwani, kwa ajili ya vile vitabu viwili alivyovikutanisha na wasomaji wake.

Nikapiga kelele kuwa ni mimi! Mimi ndiye niliyehamisha vikadi, Miwani hakufanya lolote, meza ni haki yangu!

Bosi akaniuliza niliona nini ndani ya vitabu hivyo. Nikasema jalada. Akaniuliza basi kwa nini nilivihamisha. Hapo nilipaswa kunyamaza. Nikasema nilitaka Miwani atukanwe.

Mama aliinamisha uso. Mwanamke ambaye huwa anaongea hata usingizini, leo hakuongea. Hilo ndilo limeniuma kuliko meza. Halafu Miwani, bila aibu, akanitetea! Kasema bila mimi fundi asingeongea na mkewe. Bosi akaniachia kazi, kwa sharti kwamba nitasoma ninachouza. Na Mama? Akamwendea Miwani, akamwita mwanangu, akamwomba amchagulie kitabu kimoja cha mtu mwenye matatizo. Miwani akamchagulia kinachohusu wivu. Mama akakinunua, akanikabidhi mbele ya dada zake. Akasema, Soma, baba. Nakuomba.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimesoma! Sura tatu, kwa ajili ya Mama. Nakiri ni kitabu kizuri. Mwandishi anasema wivu ni kumpangisha jirani ndani ya kichwa chako na kodi ukalipa wewe. Nimejiona kila ukurasa. Machozi yalinilengalenga kidogo, nikaangalia kama kuna aliyeniona.

Nimekwenda dirishani kumwomba Miwani radhi. Alikuwa amekaa kwenye ule mto. Akanipa mkono, akasema hata yeye alikisoma kwa sababu anao wivu, na mpaka leo bado anahangaika kuuacha.

Bado anahangaika! Miwani! Kuna kitu asichokiweza!

Mwandishi naye anasema ilimchukua mwaka mzima. Mimi Ijumaa nitakuwa nimemaliza. Nitaacha wivu kuliko Miwani, kuliko mwandishi, na Jumamosi nitamleta Mama dukani aone nani kauacha zaidi.