Friji ya Chanjo na Kidude Changu

Jumatano, 4 Juni
Shemeji kashinda tena tuzo ya wafadhili! Kaka wa mke wangu, mwenye programu ya simu ya kumwambia mkulima kama mvua inanyesha. Mkulima si anaiona mwenyewe? Wafadhili wakampigia makofi. Kijicho kimeniuma, sifichi. Lakini kidude changu tayari. Kinakaa ndani ya friji ya chanjo, zahanati anakofanya kazi mke wangu, nesi. Friji ikipata joto, kinamtumia meseji. Nchi maskini zitanikumbuka.

Alhamisi, 5 Juni
Majaribio kutwa. Nakitoa, nakipasha joto kiganjani, meseji inakwenda. Mke kaniuliza kama nimerukwa na akili, ana foleni ya kina mama na simu haiachi kulia. Nimemwambia azipuuze, ni mimi tu najaribu.

Ijumaa, 6 Juni
Wafadhili walikuwa waje jioni. Balaa: friji hii haiharibiki! Nitawaonyesha nini? Mke alipotoka, nikachomoa waya. Ipate joto kidogo tu, wageni waone meseji. Mara simu: wamekwama njiani, watakuja Jumatatu. Dharau gani hii! Nimefunga zahanati kwa kishindo, nikaenda zangu.

Jumapili, 8 Juni
Mke kalalamika tena, simu inalia tangu juzi, niache utoto. Nimeapa sijagusa kitu. Kanuna.

Jumatatu, 9 Juni
Waya! Sikuurudisha. Chanjo zote zimeharibika. Kina mama waliotoka mbali wamerudi na watoto wao mgongoni, hawajachanjwa. Mmoja alimwuliza mke wangu aje lini tena. Mke akalia mbele ya watu. Mganga mkuu kamsimamisha kazi: meseji alizipata, mbona alinyamaza? Mke kanitazama mimi, niseme neno. Wafadhili wakaingia wakati huohuo. Ningefanyaje? Nikawaonyesha meseji. Zote zilifika! Wamenipa mkono mmoja mmoja. Habari ya waya haikuulizwa.

Alhamisi, 12 Juni
Mke yuko kwao. Shemeji kaja kuchukua nguo zake, hata salamu hakunipa. Wivu huo. Nyumba imepoa, inauma. Nimekaa nikajiuliza kosa liko wapi, nikaliona: manesi hawasomi meseji. Kidude kipya kitapiga kelele mpaka wajute. Wafadhili wamekubali, tena wamenipa hospitali kubwa ya kukijaribia. Huko friji ziko nyingi.