Kikao Halali Hufunguliwa kwa Chai

Inatangazwa kwa umma, foleni ya dirisha la tatu ikiwemo, kwamba Kamati ya Kulinganisha Maneno Mawili ya Kiingereza imeundwa, nami ndiye katibu wake. Maneno yenyewe ni "set" na "run". Litakalokutwa na maana nyingi zaidi litabaki kwenye fomu zetu. La pili litastaafishwa kwa heshima zote. Mpaka hapo, hati yoyote yenye neno mojawapo isimame.

Wazo lilikuwa langu. Nina diploma ya lugha, na mwenye diploma hakosi la kusema.

Kazi ilianza kwa kishindo. Tuligundua kwamba kwa Waingereza jua, saruji, mtego na mfupa uliovunjika vyote vinatumia "set". Kwetu jua huzama, saruji hushika, mtego hutegwa, mfupa huunga. Kila kimoja tumekipa kitenzi chake, kama watu wenye adabu. Upande wa "run", mtu hukimbia, mto hutiririka, pua hutoa kamasi, na mgombea wa uchaguzi, ambaye kwetu husimama, kwao hukimbia. Mkurugenzi, mwenyekiti wetu, aliomba hilo la mwisho lisiandikwe. Niliandika kwamba ameomba.

Tulikuwa kwenye maana ya arobaini na moja Mama Chai alipoleta mkataba wake. Ametupikia chai miaka kumi na moja. Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa na ulihitaji sahihi tu. Uliandikwa kwa Kiingereza, nikausoma kwa jicho la kitaalamu. Mstari wa kuendesha jiko ulikuwa na "run". Mstari wa kuandaa meza, "set".

"Yamo yote mawili, mzee," nikasema, nikijiona mtu.

"Usimamishwe," akasema Mkurugenzi.

"Baba, nina watoto watatu shuleni," Mama Chai akasema.

"Suala lako linashughulikiwa. Kaa benchi."

Mama Chai akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu? Si juzi tu nilikuwa nakufichia kikombe cha pili?"

Nikamweleza kwamba sheria haina kikombe. Sentensi hiyo niliipenda sana wakati ule.

Jumatatu kikao hakikufunguka. Kanuni ya nne inasema kikao halali hufunguliwa kwa chai iliyomiminwa na mpishi mwenye barua ya kazi. Mpishi hakuwa na barua. Barua ilisubiri kamati. Kamati ilisubiri chai. Wiki tatu tulikaa midomo mikavu, Mama Chai akitutazama kutoka benchi, anafuma sweta.

Hatimaye Mkurugenzi akapata dawa. Akajiandikia barua: Kaimu Mpishi wa Chai, hadi ulinganishi ukamilike. Akaigonga muhuri mwenyewe. Mama Chai akaitwa ndani kama mwenye shauri, Mkurugenzi akaingia na birika, aproni imembana tumbo, akamimina. Kikao kikawa halali. Akaelekea kitini.

"Samahani, mzee," nikasema, maana kanuni ndizo ugonjwa wangu. "Kanuni ya tano. Mpishi akishamimina husimama mlangoni. Kiti cha mwenyekiti kikibaki wazi, hukaliwa na aliyetumikia ofisi miaka mingi kuliko wote waliomo chumbani."

Tukahesabu. Mama Chai akakunja sweta yake, akaketi, akaonja chai.

"Nani kapika hii?"

"Mimi, mama," ikajibu sauti ya mlangoni.

"Majani umeyaonea huruma." Akanitazama. "Katibu, andika. Mkataba wangu uwe kwa lugha ninayopikia: atasimamia jiko, ataandaa meza. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Maneno manne. Diploma ya miaka miwili haikuwa imeyaona.

"Mama Mwenyekiti," Mkurugenzi akasema, birika mkononi, "basi si ulinganishi umekamilika?"

"Tumefika maana ya ngapi, Katibu?"

"Arobaini na moja."

"Hata hatujaanza." Akamsogezea kikombe. "Suala lako linashughulikiwa, baba. Ongeza majani."

Chai ya pili ilipokuja, kikombe changu hakikuwemo. Nikaliandika hilo nalo. Sheria haina kikombe.